Kutoka kwenye seva hadi kwenye trela: nilivyopata kazi yangu ya kwanza ya lori

Mnaofuatilia ukurasa huu mmeona kwamba tangu 2024 sijaandika neno kuhusu Linux, hifadhidata wala simu mpya. Barua pepe zimekuja kadhaa. Umehamia ng'ambo? Umeokoka ukaacha tarakilishi? (Huyo wa pili ni binamu yangu, namjua.) Jibu fupi ni kwamba nilipunguzwa kazini, na sasa mimi ni dereva wa lori hapa Mombasa. Jibu refu ndilo hili, na nawaomba mvumilie, kwa sababu lina breki na mizani nyingi kuliko mlivyozoea hapa.

Ilikuwa Februari 2024. Mkutano wa video, dakika 11, nilizihesabu baadaye kwenye kalenda. Kampuni "inabadilisha mwelekeo", timu yetu yote ya watu 9 haimo katika mwelekeo mpya. Kufikia saa nane mchana nenosiri langu lilikuwa halifanyi kazi. Kwa ambao hawajapitia haya, fahamuni haki yenu: kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Mimi nilikuwa nimekamilisha miaka 6. Piga hesabu: siku 90. Sasa weka upande wa pili kodi ya nyumba, karo ya watoto wawili na mkopo wa sako, halafu uniambie siku 90 ni ndefu kiasi gani.

Nilitafuta kazi ya programu kwa miezi mitano. Sitawachosha. Wengi wenu mnajua ile hali ya kupewa "jaribio dogo" la kufanya nyumbani linalokula siku nne, unalituma, halafu kimya. Soko lilijaa watu kama mimi, tena wengine wazuri kuniliko. Mnamo Julai akiba ilikuwa imebaki ya mwezi mmoja na kitu, na mama watoto alikuwa ameacha kuniuliza "wamesema nini?" Hilo la kuacha kuuliza ndilo lililonipa usingizi mbaya zaidi.

Kwa nini lori? Kwa sababu ni kitu cha pili ninachoweza kukifanya. Baba yangu alikuwa na Canter iliyobeba viazi na kabeji kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima, Nairobi, na wakati wa likizo za chuo mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha usiku. Leseni ya BCE nilipata tangu 2011. (Herufi zimebadilika siku hizi. Kwa mpangilio mpya wa NTSA, lori zito lenye trela ni CE.) Cheti cha mwenendo mwema cha polisi nilikilipia kwenye eCitizen. Nikafunga faili langu, nikaanza kuzunguka yadi za Athi River na barabara ya Mombasa, geti baada ya geti.

Kila geti lilikuwa na swali lile lile: trela umeendesha miaka mingapi? Wengine walitaka mitatu, wengine mitano. Nilipouliza sababu, askari mmoja wa geti alinieleza vizuri kuliko meneja yeyote. Kichwa cha trela na trela yake ni mamilioni ya shilingi, na kampuni ya bima ndiyo inayoamua nani akae nyuma ya usukani. Mwenye lori akimpa mtu asiye na tajriba, ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa. Kwa hiyo hata mwenye lori akikupenda, mkono wake umefungwa.

Nikacheka peke yangu njiani, maana tatizo hili nalijua. Tarakilishi ikiwashwa haina programu yoyote kwenye kumbukumbu, na ili ipakie programu inahitaji programu. Itaanzaje? Jibu la wahandisi ni kuchoma kipande kidogo sana cha msimbo ndani ya chipu, kisichofanya lolote zaidi ya kuleta kipande kinachofuata. Nikajiambia, katika biashara ya malori lazima kuna kipande kama hicho. Madereva wote wa trela walianza bila kuwa wameendesha trela. Walianzia wapi?

Aliyenijibu ni mzee mmoja tuliyekuwa jirani zamani, yuko barabarani tangu miaka ya 1990.

"Leseni unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Trela umewahi kurudisha nyuma?"

"Canter tu."

"Basi wewe si dereva. Wewe ni abiria mwenye leseni. Utingo wangu amepata kazi ya bodaboda, njoo ukae kiti chake."

Nilimweleza mama watoto usiku huo. "Utingo? Na digrii?" Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Watakulipa lini?" Nilimwambia ukweli: utingo hulipwa kidogo, tena sehemu kubwa inatoka kwenye posho ya dereva mwenyewe. Yeye ana kibanda cha nguo, akasema tutabana. Tukabana.

Basi kuanzia Septemba 2024 hadi katikati ya Desemba nilikuwa utingo, Mombasa hadi Malaba na kurudi, karibu kilomita 930 kila upande. Utingo ndiye anayeruka kwanza lori likisimama, anaweka vigingi chini ya magurudumu, anazunguka na nondo akigonga tairi moja moja. Tairi iliyojaa hulia, iliyopungua hutoa sauti ya gunia. Anapika, anafua, analinda mzigo kwenye mipando ambapo lori linakwenda mwendo wa mtu na wezi wanaweza kulifungua kwa nyuma. Nikiwa na miaka 34 nilikuwa utingo mzee kuliko wote niliokutana nao njiani.

Lakini kiti kile ni darasa. Ngoja niwaeleze mambo mawili matatu, maana hapa ndipo roho ya ukurasa huu ilipo.

La kwanza, mizani. Ukitoka Mombasa unakutana na mizani ya Mariakani kabla hata hujazoea kiti. Watu hudhani kinachopimwa ni uzito wote tu. Sivyo. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 kuhusu uzito wa magari, ekseli ya usukani ina kikomo cha tani 8, zile mbili za kusukuma tani 18 kwa pamoja, na tatu za trela tani 24. Jumlisha: tani 50 kwa lori la ekseli sita. (Lenye ekseli saba huruhusiwa tani 56, na huo ndio mwisho.) Kwa hiyo unaweza kuwa na tani 46 tu, chini kabisa ya kikomo, na bado ukakamatwa, kwa sababu kontena fupi la futi 20 lililojaa vigae limewekwa mbele mno na ekseli za kusukuma zimebeba kupita tani 18. Ni hesabu ya pembea ya watoto. Sogeza mtoto mzito karibu na katikati, upande wa pili unashuka. Niliitengenezea jedwali kwenye simu. Mzee aliniangalia nikichapa, kisha akashuka, akatazama matumbo ya tairi na nafasi kati ya chesisi na springi, akasema, "Kumi na saba na nusu." Mizani ya Mariakani ilisema 17.6. Jedwali langu lilisema 17.9.

La pili, breki. Lori zito hutumia breki za upepo, na muundo wake ni mzuri kiasi kwamba ningependa kumshika mkono aliyeubuni. Ungefikiri upepo ndio unaobana breki ya kuegesha. La, inabanwa na springi nene, na kazi ya upepo ni kuiachilia. Upepo ukivuja wote, springi inabana yenyewe na lori halitoki. Yaani likiharibika, linaharibika kuelekea kwenye usalama. Mara ngapi tumeandika programu za namna hiyo?

Sasa, mbona basi malori "hukatika breki"? Kwa sababu kinachoisha mteremkoni si upepo. Ukikanyaga breki mfululizo, ngoma na viatu vya breki vinapata moto hadi msuguano unapotea. Mguu uko chini, upepo upo, na lori linaongeza mwendo. Dawa ni kushuka na gia ndogo na breki ya injini, ukianza polepole kabla mteremko haujaanza. Mzee alikuwa na sheria moja ya kushuka Mai Mahiu na mzigo: gia unaichagua juu, huibadilishi katikati. Wapo madereva wanaoweka nyutro ili kuokoa dizeli, halafu dizeli iliyookolewa inauzwa. Kati ya Mau Summit na Salgaa utaona makaburi ya biashara hiyo. Sachangwan iko huko huko, ambapo tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka lilishika moto watu wakichota, wakafa zaidi ya 100. Na si mbali na hapo, kwenye njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori la kontena lilivamia wachuuzi na magari yaliyosimama, wakafa zaidi ya 50. Tulipopita Londiani Mzee alizima redio. Sikumuuliza kama ana mtu wake hapo.

Kwenye seva nikikosea, ukurasa haufunguki. Huko mbele ya kioo niliona mama anauza viazi mita mbili kutoka barabarani, mtoto mgongoni, na sisi tunashuka na tani 46.

La tatu ni kufuli. Mizigo inayovuka mpaka kuelekea nchi jirani hufungwa kufuli ya kielektroniki yenye GPS na laini ya simu, ule mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuutumia 2017. Ukiacha njia iliyopangwa au ukisimama pasipostahili, tahadhari inaenda kwa watu wa ushuru na wanakuja. Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa natazama vidoti kwenye ramani na kulalamika kwamba "data ina kelele". Sasa nilikuwa ndani ya kidoti. Kelele nyingine ni dereva aliyesimama kukojoa.

Mzee alinifundisha kurudisha trela nyuma kwenye uwanja wa vumbi Malaba, tukisubiri karatasi. Unazungusha usukani kushoto, mkia unaenda kulia, hilo kila mtu husikia. Lisilosemwa ni kucheleweshwa kwa jibu. Trela ndefu ya futi 40 inajibu pole pole, unayo nafasi ya kufikiri. Trela fupi inajibu upesi na ukizidisha kidogo imekunja kama kisu. Na zile za zamani zinazovutwa kwa mti, zenye maungio mawili, Mzee alisema hata yeye huzirudisha akiwa ameshiba tu. Ushauri wake: "Geuza kidogo, ngoja, tazama. Geuza kidogo, ngoja." Siku 40 hivi za kufanya hivyo, nusu saa nusu saa, kila tulipopata uwanja.

Desemba akaniambia, "Malaba hawatakupa. Nenda ukaombe kazi ya kuhamisha."

Hapa ndipo kile kipande kidogo cha kwenye chipu. Makontena mengi yakishuka melini hayasafiri moja kwa moja. Huhamishwa kutoka bandarini hadi bohari za makontena zilizoko Changamwe, Miritini, Jomvu na kwingineko. Safari ni kilomita chache. Malori yanayofanya kazi hiyo ni yale yaliyochoka, ambayo mwenyewe hathubutu tena kuyapeleka Malaba. Na kwa sababu yamechoka, mwenyewe huyakatia bima ya mtu wa tatu tu. Mmeona? Yule wa bima aliyekuwa ananiuliza miaka mitano hayupo kwenye meza. Anayeamua ni mwenye lori peke yake, na swali lake ni dogo: nani anakujua?

Kazi hizi nazo zina historia. Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mnamo 2018, na 2019 serikali ikataka mizigo ya kutoka nje ipande treni hadi Nairobi, watu wa bohari na malori hapa Mombasa waliumia hata wakaandamana. Septemba 2022 Rais Ruto, siku alipoapishwa, alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Bila tangazo hilo sidhani kama lile lori langu lililochoka lingekuwa na kazi ya kunipa.

Mzee alipiga simu moja. Kesho yake nilikuwa Jomvu mbele ya meneja wa usafirishaji, mama mmoja asiyepoteza maneno.

"Kazi yako ya mwisho?"

"Utingo, mama. Miezi mitatu na nusu."

"Kabla ya hapo?"

"Naandika programu za tarakilishi."

Akaweka kalamu chini. "Basi utatutengenezea sistimu." Akanionyesha chumba chenye feni na skrini mbili zenye ramani. Nafasi ilikuwepo, mshahara karibu sawa na wa dereva. Nilitazama. Programu yenyewe walikuwa wamekodi kutoka nje. Walichohitaji ni mtu wa kuangalia vidoti na kupiga simu. Mtu huyo ndiye wa kwanza kuondolewa programu ikijifunza kupiga simu yenyewe, na hiyo dakika ya 11 nilikuwa bado naisikia masikioni. Nikamwambia, "Mama, naomba usukani. Sistimu nitawasaidia ikikwama."

Tukatoka nje. Nilirudi chini ya trela hadi kufuli ya gurudumu la tano ikalia, nikashuka kuhakikisha kwa macho imefunga, nikaunganisha bomba nyekundu na ya njano, nikabana breki za trela na kuvuta mbele kidogo kuona kama inashika, nikapandisha miguu ya trela. Nikafunga kufuli nne za pembe za kontena. Kisha nikairudisha kati ya mapipa mawili. Geuza kidogo, ngoja, tazama. Alinipa karatasi ya kujaza bila kusema hongera. Nilianza Januari 2025.

Mnataka kujua pesa, najua. Kabla ya kupunguzwa nilikuwa napata 160,000 kwa mwezi. Sasa mwezi mzuri, mshahara na posho za safari, ni kama 42,000. Familia tumeihamishia Mikindani ambako kodi ni nafuu, watoto wamehamia shule nyingine, sako tumeelewana walegeze. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa 8 za kuendesha katika saa 24. Kwa kazi ya kuhamisha huwezi kuzivunja hata ukitaka, maana muda mwingi unasubiri. Joto ndani ya kichwa cha lori lisilo na kiyoyozi, saa saba mchana, Changamwe, sina neno lake.

Msomaji mmoja aliniandikia: huoni umekimbia mashine moja ukaangukia nyingine, malori yatajiendesha? Nimesoma. Mei 2025 kampuni ya Aurora ilianza kubeba mizigo kibiashara kwa malori yasiyo na dereva kati ya Dallas na Houston huko Marekani, ingawa mwezi huo huo walilazimika kumrudisha mtu kwenye kiti. Naheshimu uhandisi ule. Lakini ileteni Changamwe saa kumi na moja jioni, tuk-tuk tatu upande wa kushoto, mkokoteni wa maji ukija kinyume, na askari anayekuelekeza kwa kidevu. Nadhani nina miaka kadhaa.

Mwezi uliopita kampuni moja ya programu ilinipa kazi ya mkataba, miezi sita, kutoka nyumbani. Nimekubali nusu siku, Jumamosi na Jumapili pamoja na saa za foleni, kwa sababu karo ni karo. Usukani sijauacha. Meneja amesema mwakani huenda akaniweka dereva wa pili safari za Malaba, na Mzee ameanza kuniuliza kama nina mtu mwaminifu wa kuwa utingo.

Wenye maswali kuhusu leseni, tumeni tu, nitajibu nikiwa kwenye foleni ya bandarini. Haya yote nimeyaandika humo, siku tatu, kwa kidole gumba. Wa mbele yangu amewasha injini.